Nani Aliandika Hii?

Kila mtu aliyetazama The Fast and the Furious ya 2001 anaikumbuka ile Toyota Supra ya rangi ya machungwa. Muulize mse yeyote wa magari hapa Nairobi na atakutajia injini yake, 2JZ, kama anayetaja jina la shangazi yake. Mwaka 2021 Supra moja iliyotumika kwenye filamu hiyo iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 550,000, na siku hiyo kila kundi la WhatsApp nililokuwamo lilikuwa na picha ileile. Mimi nikirudi kwenye filamu hii, na nimerudi mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa, ninachotafuta ni kaunta.

Ni kaunta ya duka la spea linaloitwa The Racer's Edge. Nyuma yake anasimama Brian, kijana wa nywele za manjano anayeuza vitu vya kuongezea magari ya Kijapani nguvu. Brian ni polisi. Ametumwa kuchunguza genge linaloteka malori ya vifaa vya umeme, na wakubwa wake wameona kwamba njia fupi ya kuingia kwa vijana wa mbio ni kuwauzia spea. Filamu yenyewe ilitokana na makala ya Ken Li, "Racer X", yaliyotoka kwenye jarida la Vibe mwaka 1998. Makala yalihusu vijana wa New York. Hollywood ikayahamishia Los Angeles na kuyatia hadithi ya polisi wa siri, na tangu hapo wakosoaji wengi wameiita filamu ya mbio. Mbio ni chache sana, ukizihesabu. Kinachojaa humo ni oda, madeni, na watu wanaotazamana wakijiuliza kama mwenzao ni wa kweli.

Angalia jinsi Brian anavyotaka mtungi wa naitro. Mwenye duka anamkatalia kwanza, anamwambia hiyo si ya wanagenzi, mguu wako ni mzito, utajilipua. Brian anasema anataka mtungi mkubwa. Halafu anasema anataka miwili. Hiyo ni dakika moja tu, na ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote kwenye filamu hii, kwa sababu kila duka la spea duniani lina mteja huyo, na lina mwenye duka ambaye anatoa onyo lake lote na mwishowe anauza. Mambo ya baadaye, kama ile kompyuta inayopiga kelele kuhusu hatari ya injini na kipande cha sakafu kinachodondoka katikati ya mbio, ni upuzi ambao mafundi wameucheka kwa zaidi ya miaka 20. Wacha wacheke. Kaunta haikukosewa.

Kuna tukio lingine wengi hawalikumbuki. Jamaa anaitwa Hector anafika dukani kuagiza vifaa vya Honda Civic tatu. Magari yanayoteka malori ni Civic pia. Brian anaisoma ile oda kama ushahidi, usiku anajipenyeza kwenye gereji ya Hector kuchungulia, na anakuta hakuna kitu. Msomaji mbaya huyu. Lakini wazo la kwamba unaweza kumjua mtu kwa orodha ya anachonunua, hilo filamu ililielewa kabla hatujaanza kuuziana vitu kwa simu.

Niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video Huruma, nikiwa darasa la nne au la tano, kwenye DVD moja iliyobanwa filamu zaidi ya kumi. Picha ilikuwa ya kijivu na mara mbili kichwa cha mtu asiyehusika kilipita chini ya skrini akienda msalani. Kopi ya kopi. Genge la kwenye filamu lilisakwa kwa kuiba mashine za DVD, nasi tulikaa pale kwenye mabenchi tukiwashangilia kwa DVD ambayo hakuna aliyemlipa mwenyewe hata senti. Sikuona shida yoyote.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili (karo, na pia mimi mwenyewe, tuseme ukweli wote) nikaanza kuandikia watu. Makala, maombi ya kazi, hotuba za harusi. Mteja wangu wa kudumu kwa miezi kumi na moja alikuwa muuza spea mmoja pale Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kama hujawahi kufika, ni barabara ambapo gari linaweza kuingia asubuhi likiwa zima na kufikia saa kumi liwe limegawanywa kama ng'ombe wa mahari. Ni huko pia ambako watu wa Nairobi wanasema utaenda kununua kioo chako cha pembeni kilichoibwa jana, na ndiyo maana magari yetu yamechorwa namba za usajili kila mahali, kwenye vioo, kwenye taa.

Mzee huyo aliuza vitu vya Subaru zaidi. Turbo, mafla, shoki, pedi za breki, rimu, na zile nyuso za magari zinazokatwa Japan na kuletwa zikiwa na injini, taa na kila kitu cha mbele, ambazo hapa tunaziita nozikati. Sheria yetu hairuhusu gari lililopitisha miaka 8 kuingia nchini, kwa hivyo Impreza za zamani ambazo vijana wanazipenda haziwezi kuletwa tena zikiwa nzima. Zilizoko ndizo hizo. Ukitaka kuiweka hai, unategemea mtu kama yeye. Mapenzi yenyewe hayakutoka kwenye filamu. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, na hata kabla ya hapo, mwaka 1993, Patrick Njiru alimaliza Safari kwa Subaru Vivio, kigari ambacho ukikiona kimesimama utadhani ni cha kupeleka mikate. Baba zetu walisimama kando ya barabara wakila vumbi la magari hayo. Sisi tukarithi mlio.

Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya chini ya picha. Mzee anapiga picha, ananitumia, mimi natunga mistari mitatu na kuiweka Instagram na kwenye WhatsApp. Nilikuwa mzuri. Nilijifunza haraka kwamba kwenye biashara hii kuna maneno manne tu, na yote yanazunguka swali moja. Orijino. Eks-Japan. OEM. Kopi safi. Orijino maana yake imetoka kwa mtengenezaji mwenyewe, mpya. Eks-Japan imetumika, lakini imetumika na Mjapani, na tunaamini Mjapani huendesha gari kama anayebeba mayai. OEM ni herufi ambazo watu husema wakitaka usiulize zaidi. Kopi safi ni neno la heshima kwa kitu ambacho kimeiga vizuri. Hakuna anayesema "feki". Feki ni ya duka la jirani.

Nikawa najiona mkosoaji wa fasihi fulani. Nilimwambia rafiki yangu kwamba kepsheni ya spea ni utanzu, una kanuni zake: jina la gari, mwaka, neno la kuapia, kisha bei au "inboksi". Neno la kuapia ndilo linalouza. Nilicheka nikisema hivyo.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu Wajapani wenyewe, kwa sababu kinanifurahisha na pia kinaniuma. Kuanzia mwaka 1989 watengenezaji wa magari wa Japan walikuwa na makubaliano ya kiungwana kwamba hakuna atakayetangaza gari la kuuzwa nchini mwao lenye zaidi ya nguvu 280 za farasi kwa kipimo chao. Makubaliano yalivunjika 2004. Katika miaka hiyo 15 walitengeneza magari ambayo hadi leo watu wanayalilia, Supra ikiwemo, Skyline GT-R ikiwemo, na kwenye karatasi mengi yao yaliandikwa namba ileile ya 280. Kila aliyeyapima alijua baadhi yanazidi. Yaani katalogi ilidanganya, lakini ilidanganya kwa kupunguza. Ukinunua gari na kulipeleka kwa fundi, unakuta ndani kuna zaidi ya ulichoahidiwa, na biashara kubwa ya spea za kuongeza nguvu ilistawi kwenye nafasi hiyo, kati ya kilichoandikwa na kilichomo. Nadhani ndiyo sababu magari haya yalipata wapenzi wa namna hii. Uliyalipia kimoja yakakupa kimoja na nusu.

Kwenye kepsheni zangu nafasi hiyo ilikuwepo pia. Ilielekea upande mwingine.

Pedi za breki zilikuja kwenye boksi lenye jina kubwa la Kijapani. Mzee alinitumia picha saa mbili usiku, na akaandika tu, "Orijino. Weka bei 6,500." Nilikuza picha ili nisome vizuri. Kwenye ubavu wa boksi, neno la Kiingereza la "halisi" lilikuwa limekosa herufi yake ya mwisho. Nililiona. Mimi ni mtu wa maneno, haliwezi kunipita. Na nikafanya kile ambacho mhariri hufanya: kwenye kepsheni yangu nikaliandika sawasawa. Nikaongeza mstari kwamba hizi ni breki za kubebea familia. Seti tatu zikaenda wikendi ileile.

Mmoja wa walionunua alikuwa kijana wa umri wangu mwenye Impreza ya buluu. Siku kumi baadaye alikuwa anashuka na mamake kuelekea Narok kwenye mazishi, kupitia ile barabara ya zamani ya Mai Mahiu. Anayeijua hiyo shuka anajua kwamba kushoto ni bonde. Breki zilianza kulainika, kisha mguu ukazama hadi sakafuni. Akaamua kuvuka upande wa magari yanayopanda na kulikwaruza gari kwenye ukuta wa mlima mpaka lisimame. Mungu alikuwa kazini, hakukuwa na lori. Mamake alivunjika mkono.

Alifika dukani Jumanne. Sijawahi kuona mtu mwenye hasira akiwa mtulivu hivyo. Aliweka pedi kwenye kaunta, na ile nyama yake ilikuwa imebanduka kwenye bamba la chuma kama ganda la chungwa. Kando yake akaweka simu, kepsheni yangu ikiwa imefunguliwa. Hakuuliza kuhusu pedi.

"Bosi, nani aliandika hii?"

Mzee akasema, "Ni kijana wa mtandao."

Nilikuwa nimesimama mita moja kutoka pale, nikiwa nimeshika simu ya kupigia picha rimu. Sikusema kitu. Akarudishiwa 6,500 zake kwa M-Pesa, akaondoka na kuiacha pedi pale.

Usiku huo nikaiweka filamu tena, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Na kwa mara ya kwanza sikumpenda Brian. Hapo kabla nilimwona kama sote tunavyofundishwa na filamu kumwona: mtu aliyeingia kwa uongo, akawapenda aliowadanganya, na mwishowe akachagua upande wao. Deni lake linapigiwa hesabu waziwazi. Gari lake la kwanza, Eclipse ya kijani, ambalo Dom alikuwa amelishinda kwenye mbio, lililipuliwa kabla hajalikabidhi. Kwa hivyo anadaiwa gari linaloweza kukimbia robo maili kwa sekunde kumi. Analeta Supra iliyopondeka, wanaijenga upya kwa spea zilizopitia kaunta ileile, na mwisho, ving'ora vikikaribia, anampa Dom ufunguo wa Supra hiyo aendeshe akimbie. Amelipa. Muziki.

Lakini amelipa nini? Gari kwa gari. Hakuna mahali filamu inapouliza bei ya ule uongo wenyewe, wa kumtazama mtu usoni juu ya kaunta na kumwambia mimi ni muuzaji. Filamu inaamini kitu ambacho wauzaji wote tunakiamini, kwamba ukirudisha pesa ya pedi mmemalizana.

Anayelipa ni Jesse. Jesse ni kijana mwembamba wa kikundi cha Dom, ndiye anayechora marekebisho ya Supra kwenye kompyuta. Anamwambia Brian kwamba aliacha shule, alikuwa mzuri kwenye hesabu tu, na kwamba kuna kitu kwenye injini kinachomtuliza. Niliposikia hiyo nikiwa na miaka kumi haikunigusa. Nikiisikia sasa naona aibu kidogo, kama mtu aliyekutwa akijitazama kwenye kioo cha gari la wenyewe. Jesse anacheza kamari kwa gari la babake, anashindwa, anakimbia, na anapigwa risasi mbele ya nyumba ya Dom. Ndiye pekee kwenye kikundi kile anayekufa. Polisi aliyeuza spea kwa jina la uongo anaondoka kwa miguu. Waandishi wa filamu walihitaji kifo kimoja ili tuone mambo ni mazito, wakamtoa asiye na ujanja.

Na mtazamaji wa Nairobi ana sababu ya ziada ya kutomwamini Brian. Kwetu neno Subaru lilibadilika maana mwaka 2024. Zamani lilimaanisha mlio wa usiku Thika Road na jirani anayetukana dirishani. Wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, na miezi iliyofuata, vijana walianza kuchukuliwa na watu wasio na sare, na kwenye masimulizi mengi kulikuwa na Subaru isiyo na alama imesimama nje. Nina rafiki mwenye Forester nyeusi ambaye aliibandika stika ya kipepeo nyuma ili majirani wasiogope. Kwa hivyo ukiniambia leo kuhusu polisi mrembo aliyejificha ndani ya gari la Kijapani lililotengenezwa vizuri, akaingia kwa vijana, akala nao mezani, samahani, sioni mapenzi. Hollywood ilitupa hadithi hiyo kama ndoto. Ilitufikia tukiwa na habari tofauti.

Naijua mifano bora zaidi. Initial D, manga ya Shuichi Shigeno iliyoanza 1995, inasifiwa kwa yule kijana anayepeleka tofu mlimani kwa Toyota AE86, na sifa ni haki yake. Lakini ninayemwelewa ni rafiki yake, Itsuki. Itsuki anajikusanyia pesa, ananunua gari analodhani ni kama la mwenzake, analipeleka kwa fahari kuwaonyesha, na wanagundua ni AE85. Namba moja tu chini. Umbo karibu lilelile, injini dhaifu. Wanacheka mpaka wanalia. Shigeno angeweza kumwacha Itsuki hapo, kituko. Badala yake anamweka Takumi kwenye usukani wa ile 85, na gari la aibu linawapita waliomdharau mwenyewe. Baadaye Itsuki analiongezea turbo na kuendelea kulipenda. Halijawahi kugeuka kuwa 86 na hakuna anayejifanya limegeuka. Hakuna aliyelibandika namba ya uongo.

Hilo ndilo ambalo filamu ya 2001, pamoja na kaunta yake nzuri, haikulifikia. Shigeno anajua kwamba gari dhaifu lililotajwa kwa jina lake linaweza kuendeshwa vizuri, kwa sababu dereva anajua amekalia nini. Kijana wa Impreza angeshuka polepole zaidi kama ningeandika "kopi". Angeshuka na gia ya pili. Au asingenunua, angebaki na pedi zake za zamani na kufika Narok amechelewa.

Nilimwandikia. Namba yake ilikuwa kwenye oda. Nikasema ni mimi, nikasema na habari ya boksi na ile herufi. Alinyamaza siku mbili, halafu akajibu, "Kwa hivyo ulijua." Hakuweka alama ya kuuliza. Nikajibu ndiyo. Sikuacha kazi kwa Mzee siku hiyo, nisikudanganye, nilikaa wiki tano zaidi maana kodi ni kodi. Katika wiki hizo niliandika "kopi" kwenye kila nilichoshuku. Mzee alilalamika, kisha akaona vitu vinauzika bado, kwa bei ya chini, na wateja walikuwa wakiuliza swali ambalo sikuwahi kulisikia awali: kopi ya wapi?

Wiki iliyopita kijana wa Impreza alinitumia picha. Shoki nne za kuteremshia gari, boksi jipya, muuzaji mwingine kabisa. Hakunisalimia, aliandika tu, "Hizi je?" Nikaikuza picha. Maandishi yalikuwa sawa, kila herufi mahali pake, rangi sawa, stika ya kung'aa sawa. Nikakaa nayo karibu nusu saa.

Nikamwandikia: "Siwezi kujua kwa picha. Enda uzishike."